Nyuzi za Chumba cha Vitabu

Alhamisi, tarehe 6 Februari. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa nne, kisha jua likatoka kali mpaka ukuta wa nje wa shule ukafuka mvuke. Kikao cha wazazi wa kujitolea kilianza saa nane na dakika ishirini mchana, katika darasa la nne. Tulikuwa watu ishirini na saba, tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu. Ajenda ya tatu ilimhusu Mama Nyuzi, aliyekuwa amekaa nasi.

Hilo ndilo jina lake shuleni, kuanzia kwa mwalimu mkuu mpaka kwa watoto wa darasa la kwanza. Ni fundi cherehani, umri wake miaka hamsini na miwili, mfupi, si mtu wa maneno mengi. Meza yangu ya kutengeneza saa iko kwenye baraza ya duka lake. Nimekaa hapo miaka kumi na mitano, na sasa naweza kujua kwa mlio wa cherehani tu kama anashona pazia au blauzi.

Kazi ya vitabu aliianza kwa bahati. Mtoto wake wa kwanza, alipokuwa darasa la pili, alirudi nyumbani na kitabu cha shule kilichoachia kurasa. Mama mtu akakishona. Kesho yake mwalimu akamrudisha mtoto na vitabu vitatu, na wiki iliyofuata na katoni nzima. Akaniambia, "Kaka, mtoto atavunjika mgongo. Bora niende mwenyewe." Akaenda, na kwa miaka kumi na mitatu hakuacha. Jumanne na Alhamisi, saa mbili mpaka saa sita, alitundika mlangoni kipande cha boksi kilichoandikwa: Nimekwenda kwenye vitabu. Wateja walizoea. Mwenye haraka alikwenda kwa fundi mwingine, na wengi wao walirudi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mifagio na chaki. Kina dirisha moja la wavu, rafu mbili zilizoegemeana kama wazee wanaotoka msibani, na ukuta wa nyuma unaovuta unyevu. Alichoomba ni meza tu.

Mwanzoni alishonea uzi wowote uliobaki dukani. Baadaye, kwa kuwa kila kitabu alikisoma kwanza kabla ya kukishona, na kwa kuwa aliwaona watoto wakisoma mbele yake, akaanza kuchagua rangi. Kila kitabu, hata kizima, alikipiga mishono mitatu mgongoni, uzi ukaonekana kwa nje. Nyeupe ni kitabu cha mtoto ambaye bado anafuata herufi kwa kidole. Kijani ni cha anayesoma lakini anachoka. Nyekundu ni cha mtoto wa kuachwa peke yake, asisumbuliwe. Mshono mmoja mweusi chini maana yake kuna ukurasa umepotea, na mtoto akifika hapo amfuate Mama Nyuzi, amsimulie kilichokuwemo.

Watoto hakuwaambia maana ya rangi. Aliwaambia tu, "Wewe leo nitafutie kijani." Na mara nyingine alimtuma mtoto hodari akachukue cheupe amsomee mdogo wake, makusudi, ili rangi yoyote isije ikawa ya wajinga. Wazazi wenzetu nao hawakujua. Mimi nilijua kwa sababu niliwahi kumuuliza, akanieleza, nikaandika.

Wazazi wa kujitolea wana makundi yao, ingawa hakuna aliyeyapanga. Asubuhi wenye magari husimama kando ya ukuta, waendao kwa miguu husimama kwenye ngazi. Wanaovusha watoto barabarani hujiona ndio wanaofanya kazi ya hatari, na wanaopanga siku ya michezo hujiona ndio wanaofanya kazi inayoonekana. Mama Nyuzi alipita katikati na mfuko wake, akasalimu kulia, akasalimu kushoto, akaingia chumbani kwake.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana kitinda mimba wake akamaliza shule. Sasa yuko bweni. Wa kati anasoma mbali, anakaa kwa shangazi yake, na mkubwa anafanya kazi mji mwingine. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani huonekana siku tatu kwa mwezi, na siku moja kati ya hizo hulala tu. Januari, shule ilipofunguliwa, Mama Nyuzi akatundika boksi lake mlangoni kama kawaida. Nilimtazama. Akasema, "Usinitazame hivyo, kaka. Nyumbani nikisema neno, kuta ndizo zinaniitikia. Kule naulizwa."

Januari hiyohiyo tulichagua mwenyekiti mpya. Ni mfamasia, mama wa mapacha wa kike walioko darasa la tano, mtu wa kufika dakika tano kabla ya wakati. Kurwa ndiye anayesoma kwa sauti mbele ya shule nzima kila Jumatatu. Doto hukaa nyuma yake. Mama yao alianza kazi siku ileile aliyochaguliwa. Akaunda kundi jipya la simu, akaingiza wazazi kwa kufuata daftari la shule: jina la mtoto, jina la mzazi. Mama Nyuzi hakuwa na mtoto daftarini, kwa hiyo hakuingia kundini. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Jina lilikosekana kwenye orodha tu.

Ndani ya kundi hilo mwenyekiti aliomba tutoe Jumamosi moja, tuvipe vitabu vya chumba sura ya heshima. Tarehe 25 Januari wazazi kumi na tisa wakafika na mikasi, gundi na maroli ya karatasi za kaki. Tulivitia majalada vitabu mia nne na kumi na viwili kwa siku moja. Tulicheka sana siku ile. Wenye magari na waendao kwa miguu walikaa meza moja, na sijawahi kuona hilo tena. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, nilipewa kuandika lebo: Darasa la Kwanza, Darasa la Pili, kwa kufuata namba iliyo ndani ya kila kitabu, herufi kubwa, wino mweusi. Kaki ilipanda juu ya mgongo wa kila kitabu na nyuzi zote zikafunikwa. Niliona zinavyofunikwa. Nilifikiri Mama Nyuzi ameambiwa.

Jumanne akafungua mlango, akakuta rafu zimenyooka kama matofali mapya, rangi moja kutoka juu mpaka chini. Aliporudi barazani saa sita nilimuuliza amepaonaje.

"Pazuri," akasema. Akakaa kwenye cherehani. Baada ya muda mrefu akaongeza, "Kaka, mimi mwenyewe sasa sijui kipi ni kipi."

Kabla ya hapo, siku moja ilikuwa inaingiza watoto thelathini, hata arobaini. Alhamisi ile waliingia saba. Doto naye alikuja. Akatafuta kitabu alichokuwa amekifikisha katikati, akakipata, akaona kilichoandikwa juu yake: Darasa la Pili. Yeye ni wa darasa la tano, na nyuma yake walisimama wenzake wawili. Akakirudisha rafuni, akasema amekuja kuangalia tu, akatoka.

Haya aliniambia Mama Nyuzi mwenyewe, jioni ya Jumatano ya juzi, yaani siku moja kabla ya kikao. Aliniambia pia kwamba siku iliyotangulia, Jumanne, alikuwa amelowesha kitambaa, akabandua lebo ya kitabu kile taratibu, akamwita Doto pembeni, akampa.

"Mwaka juzi alikuwa kwenye nyeupe," akasema. "Sasa yuko kijani, anakaribia kuvuka. Akiacha sasa, haanzi tena."

"Mama yake anajua?"

"Mama yake anajua alama. Kusoma kwake hajui. Kurwa humsomea kazi za nyumbani."

Kwa hiyo nilipoketi kwenye kikao siku ya pili, kalamu ya ukatibu mkononi, nilijua kuna lebo moja imebanduliwa. Mwenyekiti akaweka mezani vitabu vinne.

"Ajenda ya tatu, chumba cha vitabu," akasema. "Naomba tuongee kwa heshima, maana tunayemzungumzia ni mama yetu."

"Heshima ipo," akasema mama mwenye saluni, ambaye ndiye aliyekagua rafu Jumatano. "Lakini kanuni ni kanuni. Mzazi wa kujitolea ni mwenye mtoto shuleni. Mtoto wake yuko wapi?"

"Mtoto amefaulu," akajibu dereva teksi, anayevusha watoto barabarani kila asubuhi. "Hilo ndilo kosa la mama. Mtoto angerudia darasa, mama angebaki."

Watu wakacheka, hata Mama Nyuzi. Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe.

"Suala la kanuni tungelizungumza polepole. Lakini kuna hili." Akavigeuza vile vitabu. "Lebo zimetolewa. Mama, ni wewe?"

Nilikuwa nimekaa karibu, niliviona. Kimoja kilibanduliwa safi, pembe kwa pembe, kaki haikuguswa. Vitatu vilikwaruzwa kwa kucha, vikaacha madoa ya gundi na karatasi iliyochanika. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa nguo aliyoishona yule mama angejua vile vitatu si kazi ya mikono yake.

Mama Nyuzi alivitazama kimoja kimoja. Kisha akatazama dirishani. Darasa la tano walikuwa kwenye michezo, na Doto alikuwa amekaa peke yake kwenye bomba la maji, anafungua kamba za kiatu na kuzifunga upya.

"Ni mimi," akasema.

"Vyote vinne?"

"Vyote."

"Kwa nini, mama?"

"Sikuzizoea."

"Jamani," akasema mama mwenye saluni. "Watu kumi na tisa wametoa Jumamosi yao."

"Ungesema tu, mama," mwenyekiti akasema. "Mbona hukusema?"

"Angesemea wapi?" dereva teksi akauliza, sasa bila mzaha. "Kundini hayumo."

Mwenyekiti akainua kichwa. "Hayumo?"

"Uliingiza kwa daftari."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani wakati huo angeweza kuiahirisha ajenda, lakini watu walikuwa wameshaanza kusema kanuni ipigiwe kura, na viti vya watoto havimpi mtu subira. Mama Nyuzi alinitazama mara moja. Nilielewa: alikuwa ananiomba nisiseme. Nikaandika, vitabu vinne, amekiri.

Waliotaka kanuni ifuatwe walikuwa kumi na sita, waliokataa sita, watatu hawakunyoosha mkono. Mhusika hakupiga kura. Na mimi sikunyoosha, kwa kuwa mkono ulikuwa na kalamu. Hicho ndicho kisingizio nilichokuwa nacho. Ikaamuliwa kwamba chumba cha vitabu kitahudumiwa na wazazi wenye watoto shuleni tu, na ufunguo urudishwe kwa mwalimu mkuu kesho yake asubuhi.

"Sawa," akasema Mama Nyuzi. "Ile rafu ya kushoto msiiegemee. Inaanguka."

Saa kumi na moja jioni tulikuwa barazani, kila mtu na kazi yake. Yeye alikuwa anapinda sketi. Mwenyekiti akaja kwa miguu, bado ana koti jeupe la kazini, mkononi ameshika bahasha ndogo ya karatasi, ile wanayotilia vidonge. Akasalimu, hakungoja kuitikiwa. Akaimimina bahasha juu ya meza ya cherehani, kama anayehesabu dozi. Vipande vitatu vya karatasi vilivyokunjamana, mwandiko wangu juu yake.

"Nimevikuta kwenye mfuko wa sketi ya Doto," akasema. "Nilikuwa naloweka nguo."

Mama Nyuzi alimalizia mshono mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi. "Kaa, mwenyekiti."

"Umesema vyote vinne ni wewe."

"Kimoja ni mimi. Nilibandua lebo, nikampa kitabu akasome. Sikufikiri mbali. Kitabu kimoja kisicho na lebo kati ya mia nne kinaonekana kuliko chenye lebo. Mtoto ndiye alifikiri. Akatoa nyingine tatu, chake kisiwe peke yake."

Mwenyekiti akakaa kwenye kiti cha wateja. Akakitazama kipande kimoja, Darasa la Pili, akakinyoosha kwa kidole juu ya goti.

"Basi akili anayo," akasema.

"Akili anayo tele. Herufi ndizo zinamkimbia."

"Nilijua alama zake. Nikadhani ni uvivu. Kila siku namwambia, mtazame mwenzako. Kila siku, mama."

Mama Nyuzi akamsogezea kitambaa cha pamba, kipande kilichobaki kwenye blauzi ya mtu, na mwenyekiti akakipokea lakini hakukitumia, alikikunja tu.

"Kwa nini hukusema kule?"

"Mbele ya watu ishirini na saba? Niseme mtoto wa mwenyekiti anasoma kitabu cha darasa la pili? Yule mama wa saluni angekuwa na habari ya wiki nzima."

"Ya mwezi," nikasema.

Mwenyekiti akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mimi nilidhani nasaidia. Dukani kwangu kitu hakitoki bila lebo."

"Dawa inaandikwa," akasema Mama Nyuzi. "Lakini mgonjwa haandikwi."

"Hata mgonjwa tunamwandika. Jina lake liko juu ya pakiti."

"Ah. Basi mimi mambo ya dawa siyajui."

Wote wawili wakatabasamu, na nikaona ni wakati wangu. Nikasema lebo ni mwandiko wangu, na kwamba maana ya nyuzi nilikuwa naijua tangu zamani, nikakaa kimya Jumamosi nzima nikiandika.

"Najua, kaka," akasema Mama Nyuzi. "Wewe saa ya mtu huifungui kabla hujamuuliza ilianguka wapi. Siku ile hukuuliza tu."

Mwenyekiti akauliza nyuzi gani. Akaelezwa nyeupe, kijani, nyekundu, na ule mshono mweusi wa ukurasa uliopotea. Alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya maabara. Mwisho akasimama.

"Kesho usirudishe ufunguo. Nitaitisha kikao kingine, niwaambie ukweli."

"Ukweli ni wa Doto. Muulize kwanza kama anataka uusome ajendani."

Akakaa tena.

"Ufunguo nitarudisha," Mama Nyuzi akaendelea. "Kikao kimeamua. Ukikipindua leo kwa siri, kesho watauliza kwa nini, na jibu unalo moja tu."

"Na zile kaki?"

"Kaki ni zenu."

Mwenyekiti akafikiri. Alikuwa amerudi kuwa mfamasia, niliona usoni. "Kile chumba kina unyevu. Kaki inavuta maji, itaota ukungu kabla ya mwezi wa nne, na ukungu utaingia kwenye kurasa. Nitawaambia hivyo."

"Ni kweli lakini?"

"Ni kweli kabisa. Ningeliona hilo siku ile kama nisingekuwa na haraka ya kupendeza."

"Basi waambie."

"Na watoto nani atawachagulia?"

Mama Nyuzi akaondoa kipande cha uzi kilichonasa kwenye kidole. "Unajua kushona, mwanangu?"

"Kifungo tu."

"Kifungo kinatosha."

Ijumaa, tarehe 7, kulikucha mawingu bila mvua. Saa moja na nusu nilikwenda shuleni kupeleka nakala ya maazimio, na Mama Nyuzi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliweka ufunguo mezani, akasaini, akaagwa kwa maneno mazuri yaliyokuwa marefu kidogo. Kisha akatoka, akalitoa benchi la wageni ukumbini, akalikokota mpaka nje ya chumba cha vitabu, akaliweka shubiri mbili kutoka kizingitini. Akakaa. Akatoa mfukoni sindano na roli nne za uzi.

Mwenyekiti alikuwa ndani, amekabidhiwa ufunguo uleule, ameshawaandikia wazazi kundini habari ya ukungu, anavivua vitabu kaki.

"Mama, ingia basi. Hapo kuna upepo."

"Kikao kilisema chumba," akasema Mama Nyuzi. "Hapa ni nje."

Mwenyekiti akamletea kitabu cha kwanza, kipya, ambacho hakijawahi kupata uzi. Mama Nyuzi akakifungua, akasoma kurasa mbili tatu akiwa na miwani kwenye ncha ya pua, akatunga uzi wa kijani, akampa. Mwenyekiti alishona akiwa amesimama, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, kisha akakirudisha. Mama Nyuzi akakigeuza kwenye mwanga. Akavuta sindano ya pili kutoka kolani, akaifumua mishono yote mitatu, akamrudishia kitabu na uzi wake.